Lori la rimoti kati ya chumvi ya Diani na udongo wa Maumba

Kutoka ufuo wa Diani, pwani ya Kwale, hadi Maumba, mahali kampuni ya Base Titanium ilipochimba madini hadi Desemba 2024, si safari ndefu kwa pikipiki. Kwa beringi ya lori la rimoti, hata hivyo, hizo ni nchi mbili. Mchanga mweupe wa ufuoni, kwa sehemu kubwa, ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na kiasi chake kimepitia matumboni mwa samaki aina ya pono, ambao hutafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa unga. Hiyo ni chokaa. Kwenye kipimo cha Mohs, ambacho wajiolojia hupimia ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, chokaa hiyo ina 3 au 4. Udongo mwekundu wa bara umejaa punje za kwatzi, zenye 7, na kule Maumba punje hizo zimechanganyika na ilimenaiti, rutaili na zikoni, hii ya mwisho ikifika 7.5. Chuma kigumu cha beringi huwa karibu na 7. Kwa hiyo mchanga wa ufuoni huzibana gia, ule wa bara huzila.

Ungedhani basi Diani ndiko salama. Sivyo, maana mchanga wa Diani hauji peke yake. Unakuja na chumvi. Punje ya chokaa iliyolowa maji ya bahari ikiingia kwenye beringi, haitakwaruza sana, lakini itaacha unyevu wa chumvi palepale chuma kinapogusana na chuma. Beringi ya kawaida ikilala hivyo usiku mmoja tu huamka ikiwa na madoadoa ya kutu, na baada ya siku chache haizunguki tena, inakwama na kulia. Lori la Maumba huchakaa polepole, na unasikia linavyochakaa. Lori la Diani hufa likiwa rafuni.

Ndiyo maana, mtu akiniuliza anunue lori kubwa lililokwisha kuundwa au seti ya vipande alifunge mwenyewe, jibu langu kwa mkazi wa Kwale ni moja: vipande. Wa Nairobi anaweza kushawishiwa vinginevyo. Wa Ukunda hana duka la vipuri hivi karibu, na lori lake litafunguliwa mara nyingi mno kwa ajili ya kusafishwa. Aliyelifunga kwa mkono wake analifungua bila woga, anajua skrubu ipi ni ndefu na ipi ni fupi, na shafti ikivunjika anaweza kuichukua mkononi hadi kwa fundi mwenye mashine ya kukereza, akamwonyesha anachotaka.

Nianze na lori lenyewe. Asili ya michezo hii yote ni Bigfoot, pikapu ya Ford ya Bob Chandler wa St. Louis, Marekani, ambaye mwaka 1981 aliipandisha juu ya magari mabovu shambani na kuyaponda. Malori ya kweli ya aina hiyo siku hizi huvaa matairi ya inchi 66, yaani kama sentimita 168. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa Clod Buster mwaka 1987, lori la vipande la uwiano wa 1 kwa 10, lenye matairi ya sentimita 16 na nusu hivi. Ukigawanya 168 kwa 10 utaona Wajapani hawakubahatisha. Clod Buster lina mota mbili, moja kwenye eksili ya mbele na moja ya nyuma, na magurudumu yote manne hukata kona. Toleo lake la Super bado liko sokoni na kwa maoni yangu bado ndilo shule bora ya kuanzia, ingawa shokamzoba zake ni za kizamani na usukani wake huyumba gari likipita kwenye matuta. Upande wa pili wa soko yako majitu yanayokuja yamefungwa tayari, kama X-Maxx ya Traxxas iliyotoka mwaka 2015, yenye karibu kilo 9, matairi ya sentimita 20 na mwendo unaoweza kufika kilomita 80 kwa saa.

Kabla hujaogopa bei ya malori haya, kumbuka watoto wa Msambweni na Gazi wameunda malori miaka mingi bila senti: dumu la mafuta ya kupikia kwa bodi, waya kwa eksili, ndara zilizookotwa ufuoni kwa magurudumu, na fimbo ndefu ya kuongozea. Tazama wanavyochagua ndara. Huchukua ile nene, laini, na hukata gurudumu pana. Pana hugawa uzito, na gari halizami mchangani. Shizuoka walifikia uamuzi uleule.

Sasa ufungaji. Seti ikifunguliwa utakuta fremu za plastiki zenye vipande vimeshikamana, mifuko ya skrubu iliyoandikwa herufi, na kitabu cha michoro ambacho hakihitaji lugha. Usikate vipande vyote kwa wakati mmoja. Kata vya hatua unayofanya tu. Skrubu za Tamiya zimechongwa kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida haiingii hadi chini, inateleza na kula kichwa cha skrubu, na kwenye lori litakalofunguliwa kila wiki hilo ni balaa. Tafuta bisibisi ya JIS hata kama itakulazimu kuisubiri kutoka nje. Au fanya wanavyofanya wengi: zitupe skrubu zilizokuja, ununue za chuma cha pua zenye kichwa cha kuingiza ufunguo wa Allen. Chuma cha pua ni laini kidogo, lakini hakishiki kutu upesi kwa hewa yetu.

Pale skrubu ya chuma inapoingia kwenye chuma, tia tone la gundi ya kufungia skrubu, maana mtetemo hulegeza kila kitu. Pale inapoingia kwenye plastiki, usithubutu. Gundi ile hula baadhi ya plastiki na kuipasua, na ufa unaonekana baada ya siku, wakati umeshasahau ulichofanya. Kwenye plastiki skrubu hujishika yenyewe. Ikaze mpaka ikae, kisha acha. Ukihisi imelegea ghafla mkononi, umeshakata uzi.

Beringi ndizo zinazostahili pesa zako kuliko rangi, taa na mapambo mengine. Seti nyingi za Tamiya huja na vikombe vya plastiki mahali pa beringi. Vikombe hivyo havishiki kutu, ni kweli, lakini mchanga wa kwatzi ukiingia humo huwa msasa, na shafti hupungua unene. Vibadilishe vyote kabla hujafunga eksili, si baadaye. Habari njema ni kwamba beringi hizi si za vichezeo tu. Ni vipimo vya kawaida vya viwandani, na maduka ya beringi ya Mombasa huziuza kwa namba: 688 ni ile yenye tundu la milimita 8 na upana wa nje wa 16, MR115 ni ya 5 kwa 11. Muhimu ni herufi zinazofuata namba. ZZ ina vifuniko vya bati vinavyoacha upenyo mwembamba, na mchanga wa Diani ni laini kiasi cha kupita hapo. 2RS ina vifuniko vya mpira vinavyogusa chuma. Hizo ndizo za kwetu. Huzunguka kwa uzito kidogo zikiwa mpya, na ukizungusha gurudumu kwa kidole utadhani kuna kosa. Hakuna.

Ndani ya sanduku la gia tumia grisi ya mashine za boti, ile ambayo mafundi wa mashine za mashua huipaka kwenye shafti ya rafadha. Imeundwa isisombwe na maji ya chumvi. Paka kiasi. Grisi inayofurika nje hukusanya mchanga na kuurudisha ndani.

Difu, yaani gia inayogawa nguvu kwa magurudumu, nayo inataka uamuzi. Difu ikiachwa wazi, nguvu hukimbilia gurudumu lisilo na mshiko, na mchangani daima kuna gurudumu lisilo na mshiko: litazunguka bure na kuchimba shimo huku wenzake wakitazama. Wengine huifunga kabisa. Gari basi huenda moja kwa moja, lakini kona hulipwa na shafti, na shafti huvunjika. Mimi napendelea mafuta mazito ya silikoni, ya elfu 50 hata elfu 100 kwa namba zinazoandikwa kwenye chupa, kama difu ya lori lako imezibwa vizuri kiasi cha kuyashika. Mafuta ya elfu 100 hayamwagiki, yanajivuta. Jaza, ngoja mapovu yapande, ongeza, kisha funga. Shokamzoba hufanywa vivyo hivyo, ila kwa mafuta mepesi zaidi: jaza, vuta na sukuma shafti taratibu mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani, lori litarukaruka badala ya kutulia likitua.

Gia ndogo ya mota na ile kubwa inayoisukuma zisibanane. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, upitishe kati ya meno ya gia hizo mbili, zisogeze zikutane, kaza mota, kisha zungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjwakunjwa bila kuchanika, nafasi ni sawa.

Nimefika kwenye joto, ambalo pwani yetu haina uhaba nalo. Tairi la sentimita 20 hutembea karibu sentimita 63 kila linapozunguka mara moja. Hiyo inaleta mwendo, lakini pia ina maana mota inainua mzigo mkubwa kwa kila mzunguko, na mchanga laini huongeza mzigo huo mara nyingi. Umeme unaopita kwenye mota ukiongezeka maradufu, joto linalozalishwa ndani ya nyaya zake huongezeka mara nne. Kwa hiyo gia uliyofungiwa kiwandani kwa ajili ya lami ya Texas haifai ufuo wa Galu. Weka gia ndogo zaidi kwenye mota, meno mawili au matatu chini, upoteze mwendo wa juu na uokoe mota. Kipimo cha shambani ni kidole: ukishindwa kukiacha juu ya mota kwa sekunde chache, joto limepita nyuzi 60 hivi, na ni wakati wa kupumzika. Feni ndogo juu ya mota na nyingine juu ya kidhibiti mwendo si anasa huku.

Kuna jambo la mota linalohusu Maumba pekee, na sijaona likiandikwa. Ilimenaiti huvutwa na sumaku kali, na kwa njia hiyo hutengwa na madini mengine viwandani. Mota isiyo na brashi ina sumaku za neodimiamu, ambazo ni kali kweli. Mota yenye matundu ya kupitishia hewa ikiendeshwa kwenye udongo ule, punje nyeusi zina kila sababu ya kuingia na kubaki. Kwa udongo mwekundu chagua mota iliyozibwa, uipooze kwa nje.

Kwa ufuoni, mwalimu wako ni maji. Bahari yetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kutoka hukaribia mita 4. Maji yakitoka hivyo huacha uwanja mpana wa mchanga mgumu, uliolowa na kushikana, hasa maeneo ya Kongo ambako Mto Mwachema huingia baharini. Uwanja huo ni bora kuliko barabara. Mchanga mkavu wa juu, unaong'aa na kuvutia kupiga picha, ndio unaoua mota. Madimbwi yaliyobaki yaache. Maneno "haiingii maji" kwenye boksi yamepimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme na hula viungo vya shaba hata baada ya kukauka.

Kubaki chini, kwenye mchanga uliolowa, kuna sababu nyingine. Kasa hutaga juu ya alama ya maji kujaa, na viota vingi vya Diani hulindwa na watu wa kujitolea. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda kasa hao. Tairi pana huenda lisiguse yai lililozikwa, ila huacha mfereji, na kitoto cha kasa chenye urefu wa vidole viwili au vitatu kinaweza kunaswa humo kikitafuta bahari usiku. Kinondo, msituni, usilipeleke lori kabisa. Kaya ya huko, yaani msitu mtakatifu, ni mahali pa ibada, na imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2008.

Watu ndio hatari kubwa zaidi. Lori likitua tu, watoto watakuwa wamekuzunguka: "Ami, yaenda kwa petroli ama kwa betri? Nijaribu kidogo?" Jibu la swali la pili liwe hapana, mpaka uwe umepunguza mwendo kwenye rimoti, kwani rimoti nyingi za leo zina kitufe cha kushusha nguvu hadi nusu. Kilo 9 zikienda kilomita 60 kwa saa zina nguvu ileile ya kilo 9 zilizodondoka kutoka mita 14, na hiyo ni kilele cha mnazi mrefu. Hakuna atakayesimama chini ya mnazi kusubiri mzigo huo, lakini watu husimama mbele ya lori la rimoti huku wanacheka, kwa kuwa linaonekana dogo. Liendeshe likitoka ulipo kwenda mbali, usilielekeze kwenye umati, na ngamia wa watalii wakipita lizime. Kabla ya yote hayo, panga kidhibiti kisimamishe mota mawasiliano na rimoti yakikatika. Washa lori likiwa juu ya kizuizi, magurudumu hewani, zima rimoti, uone linafanya nini.

Utaona pia kwamba lori lako linaruka kwa harakaharaka, tofauti na lile la kwenye runinga linaloelea. Si kosa la shokamzoba. Lori limepunguzwa mara kumi lakini mvutano wa dunia haukupunguzwa, kwa hiyo kila mruko huisha mara tatu upesi zaidi. Rekodi kwa simu, punguza mwendo wa video hadi theluthi, na litapata uzito wake wa kweli.

Ukirudi nyumbani, osha siku hiyohiyo. Ondoa betri, ondoa bodi, mwagia maji matamu kwa kopo, usitumie mpira wenye shinikizo, kwa kuwa shinikizo hulazimisha chumvi kuingia pale ambapo lori lenyewe lilikataa. Visima vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi, na kuosha nayo ni kubadilisha chumvi kwa chumvi. Tumia ya mvua au ya mfereji. Matairi makubwa yana sponji ndani, na rimu zina vitundu vya hewa. Maji huingia hapo, hayatoki, na gurudumu lililolowa hutikisa lori zima. Ziba vitundu vya rimu, toboa viwili vidogo katikati ya tairi lenyewe, na mzunguko utayatoa maji. Baada ya kukauka, tone la mafuta mepesi kwenye kila beringi. Mara moja moja fungua eksili uangalie.

Betri nimeziacha mwisho maana ndizo zinazosumbua mipangoni. Clod Buster huridhika na betri ya nikeli ya volti 7.2, na mkazi wa Msambweni asiyetaka presha abaki nayo. Majitu hutaka lithiamu. Kila seli ya lithiamu hujaa kwenye volti 4.2, ukiishusha chini ya 3 hivi unaiharibu, na ukiiweka siku nyingi ikiwa imejaa, katika nyumba ya bati mwezi wa Februari, inavimba. Iache kwenye 3.8, sehemu yenye kivuli, ndani ya debe la bati lililo mbali na pazia na godoro. Betri iliyovimba haichajiwi tena. Kuchaji kuwe mbele ya macho yako, kwa kiwango cha 1C, maana yake betri ya ampea-saa 5 ichajiwe kwa ampea 5. Chaja nyingi hukubali betri ya gari ya volti 12, kwa hiyo stima kupotea jioni hakukuzuii.

Wengi huagiza betri kwa ndugu anayerudi kutoka Dubai au Muscat. Mweleze hesabu mapema: volti zilizoandikwa kwenye betri zidisha kwa ampea-saa. Betri ya seli nne ya ampea-saa 5 ni 14.8 mara 5, sawa na wati-saa 74, na chini ya 100 hupita kwa kawaida. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza. Betri ya seli sita ya ampea-saa 5 ina 111, kwa hiyo imo humo. Kuzidi 160, abiria hapandi nayo. Kila moja ifungwe ncha zake kwa utepe na isafiri kwenye begi la mkononi, kwani betri ya akiba ya lithiamu hairuhusiwi kwenye mizigo inayopakiwa chini.